Simu Inayosema Mtoto Wako Ameshalipa

Simu ya mezani ya bibi niliyekuwa nikimhudumia huko Ohio ilitundikwa ukutani jikoni, karibu na friji. Ikilia, aliacha kila kitu. Alikuwa na miaka 86 na alitembea kwa kujikongoja, mikono yote miwili kwenye fremu yake ya chuma, lakini mlio wa simu ulimtoa kitini upesi kuliko kuitwa mezani. Siku moja nilikuwa chumba cha nyuma nakunja nguo, nikamsikia akitaja tarakimu mojamoja, taratibu, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Zilikuwa namba za kadi yake ya benki. Nilipofika jikoni alikuwa ameshavuka nusu. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikaikata, naye akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa zawadi. "Mwanangu amenilipia kile kidude cha kuvaa shingoni," akasema. "Walikuwa wanataka tu kunitumia."

Mwanawe hakuwa amelipia chochote. Hata kupiga simu, alikuwa na wiki tatu hajapiga.

Hizo wiki tatu ndizo zilizonifundisha kuuelewa utapeli huu. Ningekuwa nimesikia habari hii kwa mtu, ningesema wazee wa huku wanadanganyika kirahisi. Lakini yule bibi alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi na risiti za duka alizikagua senti kwa senti. Sauti ya kwenye simu ilimwambia jambo alilotamani liwe kweli: kwamba kuna mtu wake amemkumbuka, na ameshatoa hela.

Naandika haya kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili huku Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, ndio wengi wetu tunaoshinda na wazee hawa. Watu wa nyumbani husema tumekuja kubeba maboksi. Ukweli ni kwamba wengi tumebeba wazazi wa watu. Na sasa baadhi yetu tumewaleta wazazi wetu wenyewe kwa makaratasi, wanakaa peke yao mchana kutwa kwenye apatimenti, na simu inalia.

Kwanza kifaa chenyewe, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kengele ya dharura ya wazee ni kitu cha kweli na chenye manufaa. Mzee huvaa kitufe shingoni kama kidani au mkononi kama saa. Ndani ya nyumba kuna kisanduku kilichounganishwa na laini ya simu. Akianguka anabonyeza kitufe, kisanduku kinapiga kwenye kituo chenye watu usiku na mchana, na sauti inatoka kwenye spika ikimuuliza kama yuko salama. Akisema ameumia, au asipojibu, kituo kinampigia jirani, mtoto wake, au 911, namba ya dharura ya Marekani. Huduma hiyo hulipiwa kila mwezi. Vifaa hivi vilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka tangazo la televisheni la bibi aliyelala sakafuni akisema ameanguka na hawezi kuinuka. Vijana walilifanya kichekesho. Sijamwona mzee wa miaka 80 anayelicheka.

Hawana sababu ya kulicheka. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka duniani kutokana na kuanguka. Kwa Marekani, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka ndani ya mwaka. Na kinachowatisha zaidi ni kile kinachofuata baada ya kuanguka. Huko Cambridge, Uingereza, watafiti walifuatilia watu waliopita miaka 90. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kati ya walioanguka, asilimia 30 walikaa sakafuni saa moja au zaidi. Saa moja sakafuni kwa mwili wa miaka 90 ni baridi, ni kiu, ni misuli inayobanwa na kuharibika, ni haja ndogo mwilini, na ni kuita mtu asiyesikia.

Kwa hiyo tapeli wa kengele hauzi ndoto. Anauza dawa halisi ya hofu halisi. Ndiyo maana kumwambia mzazi "usinunue vitu vya ajabu kwenye simu" hakusaidii: hiki si kitu cha ajabu, daktari wake mwenyewe huenda amemshauri awe nacho.

Maneno ya simu yenyewe

Simu huanza kwa sauti iliyorekodiwa, ya kirafiki, mara nyingi ikijitambulisha kuwa inatoka idara ya kusafirisha mizigo. Angalia ujanja ulivyo hapo. Idara ya mizigo haiuzi. Inapeleka kilichokwisha kuuzwa. Mzee anaambiwa kengele yake imeshalipiwa, inasubiri tu uthibitisho wa anwani. Abonyeze 1 kupokea. Asiyetaka abonyeze 5.

Akibonyeza 1, anaunganishwa na mtu hai. Huyu anarudia kwamba ndugu, rafiki au mtu anayemjali amemlipia, na kwamba kwa sababu za faragha hawezi kumtaja. Anataja thamani ya kifaa. Anataja mashirika makubwa ya moyo na kisukari kana kwamba yamekipendekeza. Kisha, baada ya mzee kuzoea sauti yake, inaingia ada: kifaa ni bure, kuna malipo madogo tu ya mwezi ya kituo cha kupokea simu, nayo hayataanza mpaka kifaa kifike na kuwashwa. Namba ya kadi ni ya kuweka kwenye kumbukumbu tu.

Simulizi hii sikuitunga kutokana na kisa kimoja cha jikoni. Ndiyo iliyofikishwa mahakamani. Januari 2014, Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha serikali kuu ya Marekani kinacholinda wateja, kinachojulikana kwa kifupi kama FTC, pamoja na mwanasheria mkuu wa jimbo la Florida, walizishitaki kampuni kadhaa za Orlando, ya kwanza katika orodha ikiwa Worldwide Info Services. Wazee walikuwa wameambiwa kuna mtu amewalipia, na kwamba hawatatozwa kabla ya kuwasha kifaa. Walitozwa papo hapo, dola 34.95 kwa mwezi, wawe wamekiwasha au la. Mtu wa kuwalipia hakuwepo. Majina ya taasisi za afya yalitumika bila idhini. Kwa mujibu wa mashitaka, wapigaji simu walijipatia kamisheni ya karibu dola milioni 13.

Dola 34.95. Namba hiyo imechaguliwa na mtu anayejua kazi yake. Ingekuwa dola 3,000, benki ingeshituka, watoto wangejua, polisi wangeitwa. Dola 35 inakaa kwenye karatasi ya benki katikati ya bili ya maji na dawa za presha, mwezi baada ya mwezi, na mzee akiiona anajiambia labda aliikubali akasahau. Katika umri ule, kusahau ni jambo analoogopa hata kulitamka.

Kuna namna nyingine ya ukatili zaidi. Kampuni moja ya Brooklyn, New York, Instant Response Systems, ilishitakiwa na FTC mwaka 2013 kwa kuwapigia wazee na kuwaambia kwamba wao wenyewe waliagiza kengele na sasa wanadaiwa. Wengine walitumiwa kifaa wasichokiagiza, kisha bili, kisha vitisho vya kupelekwa mahakamani. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu hawezi kuapa kwamba hakuagiza. Mwaka 2015 mahakama iliiamuru kampuni hiyo kulipa dola milioni 3.4.

Nani analipwa simu ikipokelewa

Hapa ndipo fundo lenyewe. Watu hudhani kuna tapeli mmoja mahali fulani mwenye simu. Ukifuata hela unakuta mnyororo, na kila aliyeshika pete yake anasema pete iliyooza ni ya jirani.

Mwanzoni yupo anayeuza orodha. Majina, umri, namba za simu, wakati mwingine na maradhi, hukusanywa kutoka kwenye fomu za bahati nasibu, kuponi, magazeti ya wazee na tovuti, na kuuzwa kwa maelfu. Orodha yenye bei nzuri ni ile ya watu walioliwa tayari. Aliyetoa hela mara moja ana thamani kuliko asiyewahi kutoa, na ndiyo sababu mzee akitapeliwa leo, mwezi ujao simu huongezeka.

Wa pili ni mwenye mitambo ya kupiga. Kompyuta inapiga maelfu ya namba kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Simu isiyopokelewa mara nyingi haina gharama, na inayopokelewa hutozwa kwa vipande vya sekunde 6. Kompyuta hiyo pia huandika namba yoyote inayotaka kwenye kioo cha simu yako, kwa hiyo mzee wa Columbus anaona namba ya Columbus, kumbe simu inatoka nje ya nchi.

Wa tatu ni kituo cha simu chenye watu hai, wanaolipwa kwa kila mauzo. Wengi wao ni vijana wenye karatasi mbele yao, wamefundishwa jibu la kila swali. Wa nne ni mwenye kifaa na kituo cha kupokea dharura, anayenunua wateja kutoka kwa wale wa simu kwa kamisheni. Wa tano ni anayepitisha malipo ya kadi, ambaye naye anakata chake.

Sasa mzee akilalamika, mwenye kifaa anasema: sisi ni kampuni halali, kifaa chetu kinafanya kazi, hatujui wakala alisema nini. Wakala anasema: sisi tumepewa simu iliyokwisha kuunganishwa, sauti ya kurekodi si yetu. Mwenye mitambo anasema: sisi tunakodisha mitambo tu. Kila mmoja anasema robo ya ukweli.

Sheria ya Marekani ilitabiri utetezi huu. Kanuni ya mauzo ya simu ya FTC inasema anayemsaidia mpigaji kwa kiasi kikubwa, huku akijua anavunja sheria au amefumba macho kwa makusudi asijue, naye amevunja sheria. Naona hilo la kufumba macho kwa makusudi ni neno muhimu kuliko yote katika suala hili. Ndilo lililowezesha kesi kupanda kutoka kwa wapigaji hadi kwa wenye bidhaa. Mwaka 2015 FTC na Florida walimshitaki muuzaji wa kengele wa New York, Lifewatch, wakidai kwamba wapigaji waliomtafutia wateja walipiga simu za kurekodi, zisizoombwa, zisizopungua bilioni moja. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2019: wahusika wakapigwa marufuku kufanya mauzo ya simu, na hukumu ya dola milioni 25.3 ikaandikwa.

Nasema ikaandikwa, kwa sababu hukumu za namna hii husimamishwa kwa sehemu kubwa mshitakiwa akionyesha hana uwezo wa kulipa zaidi ya kile alichokabidhi. Ya Orlando nayo, karibu dola milioni 23, ilikwenda njia hiyohiyo. Ukisoma kichwa cha habari unadhani wazee wamerudishiwa mamilioni. Wanachopata mara nyingi ni kipande cha walichopoteza, baada ya miaka, na baadhi yao wameshakufa.

Fanya hesabu ya mfano tu uone kwa nini hawachoki. Simu 100,000 zinapigwa. Watu 100 wanabonyeza 1, kumi wanatoa kadi. Kumi hao wakilipa dola 35 kwa miezi 12 kabla mtoto mmoja hajagundua, ni dola 4,200, kwa simu zilizopigwa na kompyuta huku watu wamelala. Sisi wa Tanzania tunaujua mchezo huu kwa sura nyingine. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukutumwa kwako wewe. Ulitumwa kwa maelfu, ukimtafuta mmoja ambaye asubuhi hiyo kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela. Simu ya kengele nayo inamtafuta mzee ambaye kweli ana mtoto, kweli anaogopa kuanguka, na kweli aliwahi kuzungumza na mwanawe kuhusu kidude cha shingoni. Kati ya wazee elfu, hao ni wengi kuliko unavyodhani.

Na sheria iko wapi? Ipo, tena si changa. Mwaka 1991 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda watu dhidi ya simu za biashara. Mwaka 2003 ikaanza orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa. Tangu Septemba 1, 2009, ni marufuku kumpigia mtu simu ya kurekodi inayouza kitu bila idhini yake ya maandishi. Simu za hisani, za siasa, na za kukumbusha miadi ya hospitali zina kanuni zake, lakini mauzo hapana. Hapo mzazi wako anaweza kupewa kipimo kimoja kisichohitaji akili ya sheria: sauti ya kurekodi inayouza kitu imeshavunja sheria kabla haijamaliza sentensi ya kwanza. Hana haja ya kuchunguza kama kampuni ni nzuri. Kampuni nzuri haianzi hivyo.

Orodha ya kitaifa inasaidia kuwazuia wafanyabiashara wanaoheshimu sheria. Tapeli haisomi.

Kuhusu namba za bandia, sheria ya 2019 ililazimisha kampuni kubwa za simu kuweka, kufikia Juni 30, 2021, mfumo wa sahihi ya kidijitali unaosafiri na simu na kuonyesha kama namba inayoonekana ni ya mpigaji kweli. Ni kazi nzuri, lakini mfumo huo unafanya kazi kwenye mitandao ya simu inayopita kwenye intaneti tu. Ile mitandao ya zamani ya waya wa shaba haiwezi kuibeba sahihi. Tafakari ni nani bado ana simu ya waya wa shaba ukutani jikoni. Ulinzi umewafikia wenye simu za kisasa kwanza, na wanaopigiwa zaidi na wauza kengele ndio walioachwa mwisho. Hilo linaniuma.

Februari 2024 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, inayosimamia mambo ya simu, ikaamua kwamba sauti zinazotengenezwa na akili mnemba nazo zinahesabiwa kuwa sauti za kubuni chini ya ile sheria ya 1991. Kwa hiyo hata kama sauti ya kurekodi ikianza kujibu maswali na kucheka, bado ni ileile kisheria. Ila mzee hatajua kwamba hazungumzi na mtu.

Nyumbani kwa mzee

Niseme jambo moja la haki kwa wazee. Takwimu za FTC za mwaka baada ya mwaka zinaonyesha kwamba walio chini ya miaka 60 ndio wanaoripoti zaidi kupoteza hela kwa matapeli kuliko waliopita 60. Wazee wakipoteza, hupoteza kiasi kikubwa zaidi, na kwa waliopita 80 simu ndiyo mlango mkubwa. Kwa hiyo tusiseme mzee ni mjinga. Mzee yuko nyumbani, anapokea simu kwa sababu alilelewa kuipokea, na ni adabu kwake kumsikiliza mtu mpaka amalize. Kumkatia mtu simu usoni, kwa kizazi chake, ni kama kumfungia mgeni mlango.

Akishaliwa, hasemi. Sababu kubwa niliyoiona si aibu ya hela. Ni kuogopa kwamba watoto watasema: mama hawezi tena kukaa peke yake. Kosa moja la simu linaweza kugeuka kikao cha familia kuhusu nyumba ya wazee. Kwa hiyo anaficha karatasi za benki kwenye droo, na anaendelea kulipa dola 35 ili alinde nyumba yake. Ukimgombeza siku ya kwanza, hutajua la siku ya pili.

Kuna geuko jingine katika simu hizi ambalo mzazi wako mgeni Marekani anapaswa kulijua. Siku hizi mpigaji huenda asitake kadi ya benki kabisa. Anasema kengele inalipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, anaomba namba ya Medicare tu. Medicare ya kawaida ya serikali hailipii kengele hizi. Baadhi ya mipango binafsi ya Medicare na baadhi ya programu za majimbo za Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, hulipia, lakini hilo huulizwa kwa kupiga namba iliyo nyuma ya kadi, halitangazwi na mtu asiyejulikana. Namba yenyewe ni mali. Aprili 2019 serikali ya Marekani ilitangaza mashitaka dhidi ya watu 24 katika mpango ambao hasara yake ilitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 1.2: wazee walipigiwa wakaahidiwa mikanda ya bure ya kushikilia magoti na mgongo, na Medicare ikatozwa. Mzee hakutoka na senti mfukoni, hakulalamika, na wizi ukaendelea.

Kwa walio kazini kwenye nyumba za watu, nina neno la peke yake, kwa sababu mimi mwenyewe nilitetemeka siku ile. Wewe ndiye mgeni ndani ya nyumba. Hela zikipotea, macho yatakugeukia wewe kwanza. Usiishike kadi ya mzee, hata kwa nia ya kuisoma namba ya benki iliyo nyuma yake. Mwombe aisome yeye. Andika tarehe, saa, namba iliyoonekana, na maneno uliyoyasikia, kisha mwambie msimamizi wako na yule mtoto mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mambo ya mzee. Ukiona familia haijali, au ukishuku kwamba tapeli yumo ndani ya familia, kila jimbo lina ofisi ya kulinda watu wazima wasiojiweza, na inapokea taarifa. Ipo pia simu ya kitaifa ya utapeli wa wazee ya Wizara ya Sheria, 833-372-8311.

Kama hela zimeshatoka, benki ndiyo ya kwanza, siku hiyohiyo. Kwa kadi ya mkopo, sheria inampa mwenye kadi siku 60 tangu karatasi ya malipo itumwe kupinga makato kwa maandishi. Kadi ya kutolea hela moja kwa moja ina ulinzi mdogo zaidi, na kila siku inayopita ina gharama. Usikubali kubaki na kadi ileile, kwa sababu ada ya mwezi itarudi. Kifaa kikifika nyumbani bila kuagizwa, sheria ya shirikisho inamruhusu mzee kukihesabu kuwa zawadi, na hakuna anayeweza kumdai. Barua za vitisho zitunzwe, zisijibiwe. Na atakayepiga miezi miwili baadaye akisema anaweza kumrudishia hela zake zilizoibiwa kwa ada kidogo, huyo ameipata namba kwenye orodha ya walioliwa.

Kwenye simu yenyewe, asibonyeze kitu. Hata ile 5 ya kukataa inamwambia mpigaji kwamba kuna mtu hai upande wa pili, anasikia, na anafuata maelekezo. Kata tu. Nilimwandikia bibi sentensi moja kwa herufi kubwa, nikaibandika juu ya simu: MWANANGU ATANIAMBIA MWENYEWE. Maneno hayo tuliyachagua pamoja, kwa Kiingereza chake. Alikataa yale yaliyotaja matapeli. Alisema hataki kuishi jikoni mwake akitazama neno hilo.

Mwanawe alikuja wikendi iliyofuata. Nilimweleza mbele ya mama yake, si pembeni, ili asije akafikiri tunamjadili. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha wakakaa mezani, wakatafuta kengele ya kweli wao wawili: isiyo na mkataba wa miaka, yenye muda wa kujaribu na kurudisha, na kituo ambacho walikipigia kwanza wenyewe kusikia wanavyopokelewa.

Ilipofika, bibi aliitundika kwenye nguzo ya kitanda. Hakuivaa. Baadaye nilijua kwamba hili nalo lilionekana kwa wale wazee wa Cambridge: wengi waliokuwa na kengele, walipoanguka wakiwa peke yao, hawakuibonyeza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema watu wale wana kazi zao, asiwasumbue.

Maelekezo ya kifaa yalisema kijaribiwe mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo tarehe 1 ya kila mwezi, nikimaliza kumfunga vifungo vya sweta, nilimvisha kitufe shingoni, naye anabonyeza mwenyewe. Spika inalia, sauti ya mwanamke inauliza kama yuko salama. "Mzima kabisa, mwanangu," anajibu, "tunajaribu tu." Kisha anamuuliza huko aliko kama theluji imeanza, na yule mwanamke, aliye kazini, mwenye simu nyingine zinazomsubiri, anamjibu. Wakizungumza dakika mbili tatu, bibi alikuwa haivui kengele mpaka usiku.